Sanduku gani la samaki tununue, na juu ya nini maji yalimwagika



Wengi wametuuliza juu ya yale maji yaliyokutwa chini katika labo siku ya Jumatatu asubuhi, na juu ya samaki 22 waliokufa. Wengine walisema ni panya aliyekata bomba. Wengine walisema wadogo wa mwaka wa saba waliingia usiku. Hapana. Kosa lilikuwa letu sisi wa kikundi cha sayansi, na tutalieleza hapa wazi. Bwana Prefe alituita, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hivi: pesa mliyokusanya itabaki kwa ekonomu mpaka mtakapoandika katika gazeti letu sanduku mnalotaka kununua ni la namna gani, na ni kitu gani kitazuia maji yasimwagike tena. Basi tunaandika. Kila mmoja aliyetoa franka zake ana haki ya kujua.

Sanduku la kwanza tulilitengeneza sisi wenyewe. Lilikuwa na urefu wa sentimita 80, upana 40, kimo 40. Chini yake tuliweka beseni la plastiki la litri 40, lenye maji litri 20, changarawe na vipande vya sponji vya kusafisha maji. Bomba moja la mpira lilipita juu ya ukingo wa kioo na kushusha maji kwa kuvuta, kama vile madereva wanavyovuta mazuti katika tangi kwa kinywa. Pompi ndogo iliyarudisha juu. Tuliona kazi nzuri sana. Wageni walikuja kutazama, na sisi tulitembea kifua mbele.

Usiku wa Jumapili umeme ulikatika. Pompi ikasimama. Lakini bomba la kuvuta halihitaji umeme, lenyewe liliendelea tu. Kinywa chake kilizama sentimita 15 chini ya uso wa maji, kwa hiyo lilivuta mpaka maji yakashuka sentimita 15. Pigeni hesabu: 80 mara 40 mara 15, ni litri 48. Katika beseni palibaki nafasi ya litri 20 tu. Zile 28 zilikwenda chini, katika madaftari ya mwaka wa tatu. (Tunawaomba radhi tena.) Samaki wakabaki wamesongana katika maji yasiyotembea, yenye joto, na pumzi ikawaishia. Alfajiri umeme ukarudi. Pompi ikapandisha maji yote yaliyokuwa katika beseni, lakini bomba lilikuwa limejaa hewa, halikuvuta tena, hakuna kilichoshuka. Pompi ikazunguka kavu mpaka ikaungua. Tulipofungua mlango tulisikia harufu ya mpira ulioungua mbele ya kuona maji.

Sasa, mtu mmoja anayehama mji anataka kutuuzia sanduku lake. Ni sanduku lililotengenezwa Ulaya kwa ajili ya samaki wa bahari. Papa fundi wa vioo wa sokoni naye anasema anaweza kututengenezea jipya. Tuchague lipi?

Mbele ya kujibu, tueleze sanduku la bahari likoje. Katika kona moja, ndani kabisa, kuna ukuta wa pili wa kioo cheusi unaofanya chumba kidogo, na juu ya ukuta huo kuna meno kama ya chanuo. Maji yakifika kwenye meno yanafurika na kuanguka ndani ya kile chumba. Chini ya chumba, kioo cha sakafu kimetobolewa matundu, na mabomba yanashusha maji katika beseni la kioo lililofichwa ndani ya kabati. Beseni hilo limegawanywa vyumba vitatu: cha kwanza maji yanaingia na kuacha takataka, cha pili yanapita katika mawe na sponji wanamokaa vijidudu vya kusafisha, cha tatu kina pompi ya kuyarudisha juu.

Mtu wa Kalemie hana haja ya kwenda mbali kuelewa jambo hili, maana anaishi kando ya meno ya chanuo. Ziwa letu lina mito mingi inayoingia, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, na Lukuga inatokea hapa kwetu. Cameron alipofika mwaka 1874 aliutambua kuwa ndio mlango wa ziwa. Stanley akaja mwaka 1876, akakuta mchanga na majani vimeuziba, maji hayaendi. Kwa miaka ile ziwa lilikuwa linapanda. Kisha, karibu na mwaka 1878, maji yakavunja kile kizuizi. Mwaka 1879 Hore, yule nahodha wa misheni ya London, alikuta mto unakimbia kwa nguvu, na Thomson pia aliuona hivyo. Miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Ndiyo kusema: mlango wa kufurikia ukizibika, maji yanapanda, ukifunguka, yanashuka mpaka kimo cha mlango na kusimama hapo. Na mwaka 2024 sote tuliona kwa macho maji yanapoingia mengi kuliko yanayotoka. Wamoja wetu tunaoandika hapa tulihama nyumba.

Hii ndiyo tofauti ya kwanza na lile bomba letu la mpira. Chumba cha kufurikia kilichojengwa ndani hakivuti. Kinapokea tu yale yanayopita meno. Umeme ukikatika, maji yanashuka mpaka kwenye meno, basi. Umeme ukirudi, yanafurika tena yenyewe bila mtu kuja kunyonya bomba. Kwa sababu hiyo peke yake tunasema: hatutaki tena sanduku la bomba la kupita juu ya ukingo, hata kama ni la bei ndogo, hata kama likitolewa bure.

Lakini msidhani kwamba hatari imekwisha. Kuna bomba la pili, lile la kurudisha maji juu. Pompi ikisimama, bomba hili linageuka kuwa la kuvuta: maji yanarudi chini kwa njia ileile waliyopandia. Sanduku linalouzwa lina urefu wa sentimita 120, upana 50, kimo 50. Tulipolitazama, kinywa cha bomba la kurudisha kilizama sentimita 10. Basi 120 mara 50 mara 10, ni litri 60. Ongeza kama litri 5 zinazokaa katika mabomba na katika chumba cha kona. Zitashuka litri 65. Beseni la chini lina urefu wa sentimita 80, upana 40, kimo 40, na mwenyewe alikuwa analijaza mpaka nusu, sentimita 20. Nafasi inayobaki ni litri 64. Mmeona? Litri moja inakwenda chini, na hiyo ni kama hesabu yetu haina kosa. Mwenyewe alituambia kabati lake lilikuwa linalowa mara kwa mara na hakujua juu ya nini. Tulitazamana.

Dawa yake si ghali. Kinywa cha bomba kipandishwe mpaka kiwe sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Hapo litri zitakazorudi ni 12, na zile 5, jumla 17, na beseni litabaki na nafasi kubwa. Tena bomba litobolewe tundu dogo karibu kabisa na uso wa maji: maji yakishuka kidogo tundu linavuta hewa, na mvuto unakatika. Tundu hilo lazima lisafishwe kila juma, maana ukijani unapenda kuliziba. Kuna watu wanaoweka kifaa cha kuzuia maji yasirudi, chenye ulimi ndani. Sisi hatukiamini. Konokono mmoja mdogo akikaa chini ya ulimi, haufungi tena, na hutajua mpaka umeme ukatike.

Kuna hatari nyingine iliyo kinyume. Bomba la kushusha likizibwa na jani au samaki mdogo aliyekufa, pompi itaendelea kupandisha, na maji yatamwagika juu. Hapa pia ni hesabu, na tunaipenda kwa sababu ukiipiga vizuri unaweza kulala. Chumba cha pompi katika beseni kina urefu wa sentimita 25, upana 40, na maji kimo cha 20: ni litri 20. Kuta za vyumba vingine zinashikilia maji yake, kwa hiyo pompi haiwezi kupandisha zaidi ya hizo 20. Juu ya uso wa maji katika sanduku kubwa panabaki sentimita 4 mpaka ukingo: 120 mara 50 mara 4, litri 24. Zile 20 zinaingia. Pompi itaungua labda, lakini sakafu itabaki kavu. Sanduku hili lina matundu mawili ya kushusha. Moja litafanya kazi. La pili tutaliwekea bomba refu kidogo kuliko la kwanza, lisipokee maji siku za kawaida, lingoje tu siku ya taabu. Mtu akikuuzia sanduku lenye tundu moja, mwulize siku ya kuzibika atafanya nini.

Tundu lisitobolewe nyumbani bila kujua kioo ni cha namna gani. Kioo kilichokomazwa kwa moto, kama cha madirisha ya pembeni ya gari, ukikigusa na msumari wa kutobolea kinapasuka chote kuwa punje punje. Papa fundi alitueleza hivyo mwenyewe, na ndiyo sababu alisema kweli mbele yetu: yeye anaweza kukata na kubandika kwa silikoni, lakini kutoboa kioo cha milimita 10 hana chombo chake. Tulimheshimu zaidi kwa neno hilo.

Uzito nao. Maji litri 300 ni kilo 300, ya chumvi yanazidi kidogo. Vioo vya milimita 10 tumehesabu karibu kilo 57. Weka mchanga na mawe, umepita kilo 400, na beseni la chini bado. Meza ya labo haitaweza. Litawekwa juu ya matofali na sima, pembeni ya ukuta, na chini yake ubao mnene na karatasi laini ya povu ili kioo kisilalie punje ya mchanga.

Sasa swali ambalo wakubwa wa mwaka wa mwisho wanatusumbua nalo: “Kama sanduku ni la bahari, si tuweke bahari?” Wameona picha za samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe. Tunawaelewa. Lakini maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila litri. Kwa litri 364 za sanduku na beseni, ni karibu kilo 12 na robo tatu, na si chumvi ya jikoni. Chumvi ya bahari ina magnezi, kalisi na vitu vingine ambavyo chumvi ya ugali haina. Kila unapobadilisha maji unahitaji nyingine. Bahari yenyewe iko Dar es Salaam, ng’ambo ya ziwa na mwisho wa reli ya Kigoma. Samaki mmoja akifa, wa kumrudisha atatoka wapi? Tena jambo ambalo wengi hawalijui: maji yanapokauka kwa jua na joto, chumvi haiendi. Inabaki. Kwa hiyo kila siku mtu lazima aongeze maji matamu mpaka kwenye alama, si ya chumvi, la sivyo sanduku linazidi kuwa kali. Siku za likizo ni nani atafanya hivyo? Katika sanduku la meno, kimo cha juu hakibadiliki hata kidogo. Maji yanayopungua yanaonekana katika chumba cha pompi peke yake. Mtu mvivu anatazama juu, anaona limejaa, anakwenda zake.

Ziwa letu lenyewe linaishi hivyo. Sehemu kubwa kabisa ya maji yake inatoka kwa kukauka, si kwa Lukuga. Lukuga inachukua kidogo tu. Hata hivyo maji ya ziwa hayafiki gramu moja ya chumvi katika litri. Si maji ya bahari, lakini si kama ya mvua pia: yana uchungu wa magadi kidogo, ni kusema kipimo chake cha asidi kinakaribia 9, wakati maji ya kawaida ni 7 na bahari ni 8 na kidogo.

Hapo zamani kulikuwa na mtaalamu wa Uingereza, Moore, aliyefika ziwani mwaka 1896, na tena miaka mitatu baadaye. Aliona konokono wenye maganda mazito kama ya pwani, na yule mnyama laini anayeelea kama mwavuli, ambaye Böhm alikuwa amemkuta mwaka 1883. Akafikiri kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari kilichosahauliwa bara. Aliandika kitabu kizima juu ya hayo mwaka 1903. Alikosea. Cunnington alikuja mwaka 1904 kuchunguza, na leo wataalamu wanakubali kwamba konokono wale walipata maumbo yale hapahapa, katika ziwa lenye miaka mamilioni. Lakini kosa la Moore linatufundisha kitu katika kazi yetu: viumbe wa ziwa hili wanafanana na wa bahari kwa kupenda maji safi, magumu, yasiyobadilikabadilika. Basi sanduku la bahari linawafaa sana, bila bahari.

Kuna sababu nyingine. Katika maji yenye kipimo cha juu, mkojo na mavi ya samaki vinageuka amonia yenye sumu kali kuliko katika maji ya kawaida. Vijidudu vinavyoila vinahitaji fasi kubwa ya kukaa na hewa nyingi. Beseni la chini linawapa vyote viwili, na maji yanapoanguka katika chumba cha kona yanachukua hewa njiani. Lakini vijidudu havizaliwi siku moja. Sanduku litazunguka bila samaki, au na wawili tu, majuma manne mpaka sita. Msituulize kila siku, “Samaki wako wapi?” Sanduku la kwanza tuliweka 22 siku ya pili.

Watu wa Ulaya na Marekani wanajua thamani ya samaki wetu kuliko sisi. Tangu miaka ya 1970 Pierre Brichard alikuwa anawasafirisha kwa ndege kutoka Burundi. Wale wa Moba, wenye nundu kichwani na mistari ya buluu, wanatajwa kwa jina la Moba katika maduka ya ng’ambo. Wenye masanduku kule wananunua unga wa madini wa kutia katika maji ya robine ili yafanane na ya ziwa letu. Sisi tunayateka kwa bidoni.

Kuhe hatutamweka, mbele ya mwaka kwisha atakuwa mrefu kuliko mkono. Tunataka wale wadogo wanaokaa katika maganda matupu ya konokono. Wakubwa wao hawapiti sentimita 5 au 6, kila mmoja ana ganda lake, anachimba mchanga na kulizika mpaka kinabaki kinywa tu, na mama analea watoto ndani. Mwalimu wetu wa biolojia anasema mtu atajifunza zaidi kwa kuwatazama saa moja kuliko kwa kunakili ubao mzima. (Hakusema tusinakili ubao.)

Mwuzaji anataka kutupatia pia chombo cha kutoa povu, mnara wa plastiki ambao unapiga hewa katika maji mpaka uchafu unapanda na povu. Katika bahari ni kitu cha lazima karibu. Katika maji ya ziwa povu halishiki vizuri, na chombo kitakaa bure. Tumemwomba akitoe katika bei. Pompi yake inasukuma litri 2000 kwa saa. Kwa kupanda mita moja na zaidi itabaki labda na 1200, ni kusema maji yote ya juu yanazunguka mara nne kwa saa. Inatosha. Mabomba yote yawe ya plastiki, isiwe shaba, maana shaba inaua konokono.

Kwa hiyo tunamwambia Bwana Prefe na kamati ya wazazi: tununue lile la zamani, bila mnara wa povu, na Papa fundi abadilishe silikoni ya beseni la chini ambayo imeanza kuachia katika pembe mbili.

Mbele ya kulipa, litajaribiwa kiwanjani Jumamosi, saa tatu asubuhi. Tutalijaza, tutawasha pompi kwa grupu, kisha tutaizima ghafula mara tatu na kupima kwa rula maji yanayorudi. Yakizidi litri 17 hatununui siku hiyo. Kisha tutaziba bomba la kwanza kwa kitambaa tuone lile la pili linafanya nini.

Tunahitaji bidoni 19 za litri 20. Maji yatekwe mbali na bandari na mbali na kinywa cha Lukuga, fasi yenye mawe, ambapo maji yanaonekana mpaka chini. Bidoni zilizotiwa klori au sabuni zisiletwe, zitaua vijidudu. Na bidoni zitakazoteka maji haya zisirudi kuwekwa maji ya kunywa bila kuoshwa vizuri. Kila mmoja anawe mikono kwa sabuni akimaliza, mnajua kipindupindu cha mji huu. Wenye bidoni waandike majina kwa mlinzi wa labo mpaka Ijumaa.